Vita vya Anselm

Mwaka wa vita vya Mfereji wa Suez, hapakuwa na mtu Tabora aliyemshinda Anselm Kashindye kwa habari za Misri. Alipoacha masomo ya upadri Kipalapala alijifunza Kiarabu dukani kwa mzee Nassibu, Mwarabu wa Kanyenye. Tangu hapo kila jioni alikaa palepale, sikio kwenye redio, akiliandikia gazeti dogo la mjini mambo ya Kairo na Baghdadi. Sifa alizipata tele. Wa kumwalika chakula hakumpata. Wakatoliki wenzake walinong'ona kwamba yu mbioni kusilimu, na Waislamu waliomsifia Kiarabu chake walikula sikukuu na jamaa zao. Alisonga ugali wake mwenyewe, akala peke yake, na upweke ulimuuma kwelikweli.

Mama yake, Leonia, aliishi Tura, stesheni ya reli mashariki ya Tabora. Misri ilipoutwaa Mfereji, Anselm alimtuma Silasi, mfanyakazi wa reli aliyepita Tura: "Mwambie mama nitakuja mambo haya yakitulia." Wapi! Yalizidi, hata vita vikalipuka. Siku hizo ukimsemesha Anselm wakati wa redio, alikuinulia mkono bila kugeuka: "Nimesikia, nimesikia." Hata salamu hukuimaliza.

Vita viliposimama, aliandika makala yake, akanyoa ndevu, akanunua sukari ya mama, akapanda treni. Njia nzima alitabasamu mwenyewe dirishani.

Tura alimkuta Masolwa, mtani wa ukoo wao, anamngoja stesheni. Lo, kituko! Masolwa amejifunga kaniki ya Leonia, anachechemea na fimbo ya Leonia, sauti kaibana kama kikongwe.

"Umechelewa, mwanangu! Nimekungoja mpaka nimelala!"

Watu wakaangua kicheko. Anselm naye akacheka, kisha akaitazama tena ile kaniki. Mtani havai nguo za mtu namna ile ila kama mwenyewe ameshazikwa.

"Mama yuko wapi?"

Masolwa akaacha kuchechemea. "Hukujua? Tumemzika Jumatatu, na tangu hapo nakungoja kila treni. Silasi alikuja mpaka dukani kukwambia mama yako yu taabani. Anasema ulimwinulia mkono, ukamwambia umesikia."

Anselm akautazama mkono wake. Aliukumbuka, uso wa Silasi hakuukumbuka, maana hakumtazama.

"Aliniulizia?"

"Kila jioni, ndugu yangu. Anauliza kama vita vya Anselm vimekwisha. Mwishowe tulimwonea huruma, tukamdanganya kwamba vimekwisha. Alifurahi huyo! Akaagiza chumba chako kifagiliwe."

Matangani watani walimzonga, wakimwita balozi, wakimdai habari za Kairo, ili wamtoe huzuni kama ilivyo kazi yao. Akapenya katikati yao. Aliingia chumbani, akakuta pamefagiliwa na kitanda kimetandikwa. Akakaa ukingoni, sukari mapajani, na hapakuwa na wa kumwambia kwamba sasa vita vyake vimekwisha kweli.