Mzee Aliyetaka Kufika kwa Jirani

Binti yake alinipigia simu Jumamosi, nikiwa nyumbani Kinoru naanua nguo. Alisema baba yake ametoka hospitalini, kiharusi kimemshika upande wa kushoto, na angependa niwe nikienda kwao, kupita Kianjai, nimfanyishe mazoezi. Hiyo ndiyo kazi yangu. Hospitalini wanatuita watu wa fizio. Tunawafundisha wagonjwa kusimama na kutembea upya.

Binti hakutaja jina, alisema "baba" tu. Kwa hiyo nilipoingia uani nikamwona mzee aliyeketi barazani na shuka miguuni, nilishtuka. Uso ule nilikua nikiuona. Nilipokuwa msichana kwetu Embu, alikuwa mmoja wa wale waliosimama karibu na rais kwenye picha za magazeti. Jina lake na cheo chake sivitaji. Kwangu alikuwa mgonjwa.

Nitasema ukweli, nilijikaza. Nimewahi kuwahudumia wakubwa, na wengi wao mkono uliolala huwauma kidogo kuliko kuambiwa "inua mguu" na mwanamke wa umri wa watoto wao. Nikaanza kwa adabu zote: "Mheshimiwa, leo tutajaribu..."

"Huyo alistaafu," akanikatiza. Maneno yalimtoka polepole, mdomo umeenda upande. "Hapa mwalimu ni wewe. Niambie nifanye nini."

Kila mgonjwa mpya mimi humwuliza angetaka kufanya nini kwanza mwili ukirudi. Wengi hutaja kanisa, shamba, au kwenda chooni bila kushikwa. Yeye alinyoosha mkono mzima, akaonyesha paa la mabati ng'ambo ya shamba la mahindi.

"Nataka kufika pale. Kwa miguu."

"Si tukupeleke na gari, baba?" binti yake akasema. "Ni hapo tu."

"Na gari nimefika mahali pengi. Pale siendi na gari."

Tukaanza. Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko vijana ninaowahudumia. Nikimwambia arudie, anarudia. Siku moja mguu ulimponyoka tukaanguka wote wawili, mimi chini yake, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Pole, mwanangu, nimekuogopesha."

Wiki moja walikuja wanasiasa, magari yakajaa uani. Mzee alikuwa amevaa kaptura, ameshika kile kiegemeo cha chuma chenye miguu minne, jasho na mate vinamtiririka. Nikataka kumkalisha na kumfunika, maana nilimwonea aibu. Akakataa. "Waambieni wangoje. Niko darasani." Akaendelea kupiga hatua mbele yao, mguu ukiburuzika kwenye saruji, na wao wakawa wanatazama viatu vyao. Alipomaliza alipangusa mdomo kwa leso, akawakaribisha chai.

Siku hiyo, walipoondoka, ndipo aliponieleza habari za lile paa.

Palikuwa kwa mwalimu wa shule ya msingi. Zamani, kwenye mkutano wa hadhara sokoni Kianjai, mwalimu huyo alisimama akauliza, kwa heshima, maji ya shule yatafika lini.

"Sikuwa na jibu," mzee akasema. "Lakini nilijua kuchekesha watu. Nikasema huyu apewe viatu kwanza, maji baadaye. Viatu vyake vilikuwa vimechoka kweli. Soko lote likacheka."

Kicheko hicho kilimfuata mwalimu mpaka darasani. Watoto walimwita Viatu. Hakusimama tena kwenye mkutano wowote. Mwalimu alipokufa, mzee alituma mtu amwakilishe mazishini.

"Mke wake bado yuko. Miaka hii yote nampita hapo, kioo cha gari kimefungwa."

Tulienda mvua zilipoisha, njia ilipokauka. Binti aliambiwa abaki langoni. Mimi nilimfuata nyuma, nimeshika mkanda niliomfunga kiunoni. Alipumzika mara nyingi. Tulipofika, mama mmoja mzee alikuwa uani anapepeta maharagwe. Alituona, ungo ukasimama mikononi, lakini yeye hakuinuka.

Waliongea Kimeru, nami Kiembu changu kilinitosha kufuata. Mzee hakuketi wala hakuomba kiti. Alisema kosa lake lote: swali la mwalimu, maneno aliyojibu, hata jinsi yeye mwenyewe alivyocheka. Hakusema "kama nilikukosea." Hakusema siasa ndivyo zilivyokuwa.

"Alivaa viatu vile kwa sababu alikuwa akiwalipia watoto karo," mama akasema. "Na wengine hawakuwa wake."

"Sikujua. Na hata ningejua, siku ile bado ningesema."

"Umechelewa. Yeye hasikii."

"Ni kweli. Nimechelewa."

Mama akarudia maharagwe yake. Mguu wa mzee ulianza kutetemeka, nikausikia kupitia mkanda. Nilitaka kuomba kiti kwa niaba yake, lakini nikaona si mahali pangu. Mwishowe mama akanigeukia mimi, kwa Kiswahili:

"Wewe, chukua kiti hapo jikoni. Ataanguka kwangu, watu waseme nimemuua."

Nilicheka kwa woga. Mzee naye akacheka. Tulipewa uji wa wimbi, na kwa sababu ya ule mdomo, mwingine ulimwagika shatini. Alijipangusa bila haraka huku mama akimtazama. Sikusikia neno la msamaha. Lakini tulipokuwa tunaondoka mama alisema, "Njia umeshaijua."

Na mzee akawa anaitumia. Kila alipopata nguvu alikwenda, mara nami, mara na binti yake. Waliongea habari za mahindi, magonjwa na watoto walioko mbali. Kisha wakati wa baridi kiharusi kikamrudia, na safari hii hakuamka.

Mazishini palikuwa na mahema, misafara ya magari na hotuba ndefu kuhusu barabara na shule. Niliondoka hemani, nikaenda nyuma ya nyumba kuwasaidia wanawake waliokuwa wanapika. Mke wa mwalimu alikuwa pale tangu alfajiri, anamenya viazi. Nikaketi kando yake nikachukua kisu.

"Ule mguu," akaniuliza, "ulikuwa ukimuuma akija?"

"Ulimuuma sana."

"Hakuwahi kuniambia."

"Hata mimi hakuniambia. Nilikuwa nauona tu."

Akatikisa kichwa, akavuta ndoo ya viazi ikae katikati yetu, na tukaendelea kumenya.