Moteri Ililia Bila Clé, Mama Akaitwa Mulozi

Clé, ile ufunguo ya motoka, ilikuwa mu mukono ya bwana yangu, na moteri ilikuwa inalia peke yake.

Narudilia, juu najua mutasema Lombe ameanza uongo. Clé ilikuwa inje. Niliiona na macho yangu haya mawili. Na ile motoka ilikuwa inapiga makelele mbele ya lupango, kiwanja ya nyumba yetu, ku Kamalondo, saa sita ya muchana, jua kali, bantu bonso banaangalia.

Moshi ikajaza avenue mpaka sikuona tena nyumba ya ng'ambo. Bashonaji bakaacha mashini zabo bakakimbia. Mama mumoja wa mikate akamwaga beseni yake yote. Rigobert, bwana yangu, alikuwa anapiga volant, ile usukani, na ngumi: "Simama! Nasema simama!" Sawa vile anagombeza mbwa.

Wapi! Ililia, ikazidi kulia, kisha ikapiga kishindo kimoja, ikafa.

Kimya.

Mu ile kimya, Syntiche, dada ya Rigobert, akageuka pole pole akamuangalia mama yangu.

Pale njo nilimupoteza mama. Sikujua bado.

Ngoja niwaeleze muzuri.

Ile motoka ilikuwa ya baba yangu, marehemu. Corolla ya zamani, ya mazout, ile dizeli, aliinunua kisha kutoka kazi ku rail ya treni. Alipokufa, mama, Mama Jeanne, akaja kuishi kwetu, akamupa Rigobert motoka aitumikishe. Rigobert akafanya nayo taxi ya kwenda Kasumbalesa, ku mupaka. Njo ilikuwa inatulisha.

Sasa bwana yangu iko na ugonjwa moja: hapendake kupitwa. Ile route imejaa ba camions, malori makubwa, na Corolla ya baba haikuwa na nguvu ya kubapita. Kila siku anarudi amenuna, shati imejaa moshi ya bengine. Mpaka akapata turbo, chuma ya kuongezea moteri nguvu, baliitoa ku motoka moja yenye ilipata accident.

Akaingia nayo mu lupango sawa vile amebeba mutoto muchanga.

"Mama Kiki," akaniita na jina ya mutoto yetu, "na hii sitapitwa tena!"

Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akainua kichwa.

"Mukwe yangu, hii motoka iko muzee sawa miye. Iache itembee vile inaweza. Hiyo kintu, siku moja, itatulilia humu mu lupango."

Tulicheka! Rigobert alicheka, miye nilicheka, Syntiche mwenyewe alikuwa pale, alicheka mpaka machozi.

Fundi Précieux akaifunga. Na kusema kweli, motoka ilikimbia. Rigobert akawa anarudi na tabasamu, anatuhesabia ba camions yenye alipita. Miye pia nilijivuna kidogo, nisifiche.

Kisha ikafika ile muchana ya moshi.

Kesho yake Syntiche akaja na bantu ya chumba yabo ya maombi. Hawakukaa hata ku kiti. Bakasimama mbele ya mama.

"Clé iko inje, moteri inalia," Syntiche akasema. "Nani alikuwa anaiendesha? Na nani alisema itatulilia?"

"Syntiche! Unasemesha mama yangu vile?" Nilishika mutwangio, nawaambia ukweli, na ningemupiga nayo.

Mama akanishika mukono. "Acha, mutoto yangu. Nilisema kweli."

Ehe! Banasema mudomo uliponza kichwa. Kwa mama yangu uliponza kila kintu.

Bajirani bakaanza kumuita mulozi, muchawi, bakaacha kumusalimia. Sombe yake, yenye avenue nzima ilikuwa inapenda, ikabakia mu sufuria. Batoto bakiona anatoka, banaitwa ndani. Na Rigobert? Rigobert anaangalia chini. Nikamuuliza, "Papa Kiki, unaamini ile bintu?" Anajibu, "Miye sisemi kintu." Kisha siku moja akasema kintu: afazali mama aende kidogo kwa mudogo yake Victorine, ku Kasenga, mpaka bantu batulie.

Nilikataa. Nililia, nikatukana, nikavunja sahani. Mama akafunga bintu yake mwenyewe, akapanda bus. Hakunilaumu hata neno moja. Njo ile inaniuma.

Sasa musikie.

Siku ingine nikakutana na Précieux ku soko. Nikamurukia: "Weye fundi, ulifunga nini mu motoka yetu?"

Akashangaa. "Mama Kiki, vieux, bwana yako, hakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

Akanieleza pale pale, katikati ya mafungu ya nyanya. Turbo inazunguka mbio sana, na mafuta ya moteri njo inaipoza. Ukikata moteri ingali ya moto, mafuta inasimama, turbo inaungua ndani. Ikiharibika, inamwaga mafuta mu moteri. Na moteri ya mazout inakunywa ile mafuta yake yenyewe, inakimbia bila kuuliza clé, mpaka ivunjike.

"Nani aliikata?"

"Bwana yako! Si ni mutindo ya ba taximen! Wakifika juu ya mutelemuko banakata moteri, banateleza bure, banachunga mazout isiishe. Nilimukataza vieux ile siku ya kufunga. Na ile jioni ya moshi nilimuita, nikafungua turbo mbele yake, nikamuonyesha. Alielewa yote."

Ile jioni. Kabla ya Syntiche kuja. Kabla ya yote.

Nilirudi nyumbani nikamukuta anakula.

"Ulijua."

Akaacha kutafuna. Hakukana. "Lombe, ningesema nini? Kama ni miye niliua motoka ya baba yako?"

Voilà. Juu ya haya ya muntu mumoja, mama yangu akafanywa mulozi.

Nikabeba ile turbo yenye kuungua, nikapanda bus mpaka Kasenga. Nilikuwa na furaha, mutanisamehe. Nilijua narudi na mama.

Alikuwa mu chumba ya nyuma. Victorine anamuwekea chakula ku mulango. Mama amekonda, anafunga na kuomba. Nikaweka turbo chini, nikamueleza yote, mafuta, mitelemuko, Rigobert.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia, mutoto yangu. Lakini nilisema italia, ikalia. Na baba yako, nilimuambiaka atanitangulia. Akanitangulia." Akavuta kitenge ku mabega. "Pengine iko kintu ndani yangu na sikijui."

"Mama, ni turbo!"

"Usimulete Kiki hapa. Naogopa siku ingine nitasema kintu juu yake."

Na akanifungia mulango, taratibu, juu hajui kufanya kintu na fujo.

Weye mwenye unasoma, shika hii: kumuita muntu mulozi, ni neno moja tu. Kumutoa ile jina mu midomo ya bantu, ukihangaika, pengine utaweza.

Kuitoa mu moyo yake mwenyewe, miye nimeshindwa.