Mashua Tuliyopikia Pombe

Pombe ya kumaliza msiba wa mume wangu ilitengenezwa ndani ya mashua yake. Naanza na hilo kwa sababu watu wa huku kwetu Rungwe Mpya wakisimulia habari hii huanza na ile siku ya msumeno, halafu hucheka. Mimi sicheki. Mashua ilianza kufa siku ya pombe, na mimi nilikuwepo.

Mume wangu alifanya kazi ziwani miaka mingi, kwenye vyombo vya watu. Alipochoka alirudi nyumbani na mashua kuukuu ya mbao, imefungwa kamba juu ya lori lililokuwa linakuja kuchukua maharage. Hakuwa ameniambia. Nilitoka jikoni na mwiko mkononi, nikakuta wanaume wanashusha kitu kirefu kuliko nyumba yetu na kukilaza kando ya mihogo.

"Maji yako wapi?" nilimuuliza.

"Malagarasi," akasema. "Mvua zikikolea, watu wa ng'ambo wanakwama na mahindi yao. Nitawavusha."

Kutoka kwetu hadi mtoni ni safari ya trekta, tena trekta la kukodi. Nilimkasirikia siku nyingi. Yeye alikuwa anatengeneza mashua yake kidogo kidogo, akitoka shamba, akipiga mluzi. Alifika nusu. Tumbo likaanza kumsumbua, akalazwa Kasulu mjini, na wiki ya pili akarudishwa amefunikwa shuka.

Kwetu vitu vya marehemu haviguswi mpaka siku ya kumaliza msiba. Siku hiyo ukoo unakaa, unakunywa, kisha unagawana. Ili ukoo ukae lazima pombe iwepo, na pombe ya ndizi inahitaji lile gogo refu lililochongwa, ambamo ndizi mbivu zinakamuliwa kwa nyasi. Gogo la ukoo lilikuwa limepasuka. Kaka mkubwa wa mume wangu akanifuata pale kwenye mkeka nilipokuwa nimekaa.

"Shemeji," akasema, "kile chombo cha marehemu umbo lake ni lile lile. Tukikamulia humo?"

"Si mnasema vitu vyake haviguswi?"

"Kinaguswa kwa ajili yake mwenyewe. Ni pombe yake."

Nilikuwa nimechoka kulia, na kila aliyeniuliza jambo nilimkubalia. Nikasema, "Tumieni."

Mashua ya mbao haizuii maji kwa sababu ya mbao. Inayazuia kwa pamba iliyolowekwa mawese na kushindiliwa kwenye kila mwanya, kisha juu yake vinapigiliwa vipande vyembamba vya bati. Mume wangu alikuwa amemaliza upande mmoja wote. Shemeji na wenzake walinusa, wakasema pombe itanuka mafuta. Wakang'oa bati. Wakachokoa pamba kwa visu. Ili kuondoa harufu iliyobaki, wakawasha majani makavu ya mgomba ndani yake. Kisha wakaziba nyufa kwa udongo wa mfinyanzi, wakamwaga ndizi, wakakamua.

Nilisikia nyundo. Niliuona moshi. Sikuinuka. Na pombe ilipoiva nilikunywa, tena niliongezewa. Ilikuwa pombe nzuri. Nisiposema hilo, hasira yangu yote itakuwa ya uongo.

Kwenye mgawo shemeji mkubwa alipata baiskeli na kile kipande cha shamba kilichokuwa na mashua. Mdogo wao alipata mbuzi. Mimi nilibakiziwa nyumba. Ilipofika zamu ya mashua hakuna aliyeitaka.

"Mwachieni mjane," mmoja akasema. "Atafugia bata."

Wakacheka, na vinywa vyao vinanuka kilichotoka humo humo. Niliona si haki kuficha kitu, nikasema, "Na injini yake iko chini ya kitanda."

Mzee wa ukoo akauliza, "Inasaga mahindi?"

"Haisagi."

"Basi kaa nayo."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwenye mashua, mimi niliyeishia darasa la saba na nisiyejua kuogelea. Nilikaa miezi miwili bila kuitazama. Ilikuwa wazi juani, machicha ya ndizi yamekaukia ndani, kuku wanachakura. Kiangazi kiliikausha mpaka mbao zikaachana. Kidole kilipita katikati yake. Shemeji akaja asubuhi moja, akaizunguka.

"Mwakeye, shemeji," akanisalimu.

"Mwakeye."

"Hapa nataka kulima. Maharage yakivunwa kabla hii haijaondoka, naipasua mbao. Nina banda la mbuzi la kujenga."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekukumbusha kufunga mlango. Hilo ndilo lililonichoma. Angekuwa adui ningejua pa kumshika. Mume wangu aliacha jambo moja tu ambalo alilitaka yeye mwenyewe, si ukoo, si mimi, na kaka yake alikuwa ameliona kama banda la mbuzi ambalo halijajengwa. Mchana huo huo nilichukua jembe lililovunjika, nikaingia ndani ya mashua, nikaanza kukwangua machicha. Nilikwangua nikimtukana shemeji. Nilipomaliza kumtukana nilimtukana mume wangu. Nilipomaliza na huyo nilibaki mimi mwenyewe.

Fundi wa mashua Kasulu hayupo. Kuna mafundi vitanda na mafundi majeneza. Mwanamke mmoja anayeuza dagaa aliniambia kwamba kwenye soko la karibu na kambi ya wakimbizi anakuja mzee mmoja Mkongomani, aliyekuwa anaunda mashua kwao, upande wa pili wa ziwa. Hakuweza kuja kwangu, kwa sababu kutoka mbali na kambi kunahitaji kibali, na kibali hakikutoka. Basi nilipima mashua kwa kamba za katani, nikipiga fundo kila penye ufa, nikabeba na kipande cha ubao kilichoungua.

Mzee alikuwa na ndevu nyeupe na sururu ya kuuza. Akaupokea ubao, akaunusa, akaugeuza, akaunusa tena.

"Mama, hii mubao imelewa."

Nikamweleza. Aliweka ubao chini.

"Banapika pombe ndani ya mashua? Sasa samaki banapikia ndani ya nini?"

Wauza dagaa wakaangua kicheko. Nilisimama pale na kamba zangu zenye mafundo, nimevimba. Aliona, akaacha utani, akanivutia kigoda. Akazinyoosha zile kamba chini, moja moja, na kutoka kwenye mafundo akaisoma mashua ambayo hajawahi kuiona. Akasema ubao wa tatu kulia utolewe, hauponi. Mingine inapona. Kisha akachukua pamba kidogo, akaisokota kwenye paja, akaichovya kwenye mawese ya mama muuzaji wa jirani bila kumwomba, akanionyesha kwenye ufa wa benchi.

"Kwanza kidole. Kisha hii kabari ya mbao ngumu. Unapiga pole pole. Usipige na hasira, mama. Hasira inapasula mbao."

"Hasira ndiyo niliyo nayo, mzee."

"Basi piga na mukono ya kushoto."

Nilirudi kwake siku nne za soko. Kila mara nilibeba kipande cha kazi yangu nilichojifunzia, naye alikichokoa kwa ukucha na kusema, "Hapana." Mara ya nne alichokoa, akanyamaza, akanirudishia. Kweli nilipiga kwa mkono wa kushoto. Mbao mbili nilizipasua mwanzoni kwa kulia, za kununua, kwa ujinga wangu.

Watu wa kwetu walipita njiani. "Nuhu mwanamke!" waliita. "Mvua inaanza lini tuandae wanyama?" Mwanzoni nilinyamaza. Baadaye nilijibu, "Wewe hutapanda, wanyama wamejaa." Hata nilipowajibu sikuwa nacheka.

Injini niliipeleka mjini kwa bodaboda, imefungwa kanga kama mgonjwa. Duka la vipuri nililoingia ni la mzee wa Kiislamu mwenye ndugu Ujiji, na alikuwa mtu wa kwanza Kasulu kuitazama bila kuuliza inasaga nini. "Hii niachie mimi kuagiza vifaa," akasema, "lakini kuifungua, mpelekee fundi wa pikipiki hapo nje, mkono wake mwepesi." Fundi alifungua, akasafisha kabureta na plagi, akafunga, akaitegemeza ukutani na kushika kamba ya kuwashia.

"Usiiwashe kavu!" nilipiga kelele mpaka watu wa duka la jirani wakatoka.

"Mama, pikipiki zote nawasha kavu."

"Hiyo inakunywa maji ili ipoe. Ukiiwasha hapo unaiua."

"Nani kakwambia?"

Niliambiwa na mume wangu, mara nyingi sana, wakati wa kula, mimi nikiitikia bila kusikiliza. Sikujua kwamba nilikuwa nimesikia. Nilishika ndoo nikaanza kujaza pipa lake la maji. Tukaining'iniza injini humo, akavuta kamba, akavuta, akavuta, akalaani, ikashika. Ilitoa moshi na mlio mbaya, na maji yakaruka kwenye kile kitundu chake kama inavyotakiwa. Fundi akacheka kwa furaha. Mimi nilikasirika zaidi. Mume wangu ndiye aliyestahili kuyaona haya, si mimi.

Maharage yalianza kukauka mashambani. Nilikuwa nimebadilisha ubao wa tatu, nimeshindilia pamba yote, nimepigilia bati. Ilibaki jambo moja ambalo mzee wa kambini alilirudia kila mara: mashua iliyokauka hivyo lazima inyweshwe kabla ya kwenda mtoni. Mbao zivimbe, zibanane na pamba. Wenye ziwa huizamisha ufukweni siku kadhaa. Mimi nilikuwa juu ya kilima, na mvua ilikuwa imekatika wiki mbili. Nikabeba maji kutoka bondeni, ndoo kwa ndoo, nikayamwaga ndani. Siku ya kwanza yote yalivuja. Kulikucha hakuna kitu. Siku ya pili yalibaki ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Majirani walikuja kusimama na kutazama. Mtu anayejaza maji ndani ya chombo cha kuzuia maji hawakuwa wamewahi kumwona.

Siku ya tano ilikuwa imejaa mpaka juu, imetulia, inatona sehemu mbili tu. Ndipo shemeji alipokuja na msumeno na vijana watatu wa ukoo. Maharage yake yalikuwa yamevunwa jana yake.

"Shemeji, nilikwambia."

"Uliniambia. Bado siku mbili niitoe."

"Nilisema maharage yakivunwa. Ninyi, imwageni hiyo."

Wanne waliinama wakashika ukingo. Haikutikisika. Mashua yenye maji si kitu cha watu wanne. Walijaribu tena, mishipa ya shingo imewatoka, na watu wa njiani wakaanza kucheka, safari hii si mimi waliyekuwa wanamcheka. Shemeji akaona aibu. Akachukua msumeno, akauweka kwenye ubao wa juu, upande ule aliouunguza.

Nilikwenda nikaweka mkono wangu juu ya ubao, mbele ya meno ya msumeno. Sikuwa nimepanga.

"Ondoa mkono."

"Sitoi."

"Shemeji, usinifanyie hivi mbele za watu. Hata wakati ule uliruhusu. Nilikuuliza, ukasema tumieni."

"Ndiyo. Niliruhusu," nikasema, na nilisema kwa sauti ili wasikie wote, hata wale waliokuwa hawajui. "Uliniuliza siku ambayo ningekubali hata unizike mimi. Nilikubali, na nilikunywa, na nilikosa. Leo uniulize tena."

Msumeno aliuacha pale pale kwenye ubao.

"Niulize."

Alinitazama, akaitazama mashua kweli kweli, nadhani kwa mara ya kwanza tangu ndugu yake afe. Akapitisha kidole kwenye mstari wa bati, akaufuata mpaka mwisho.

"Hii umeipiga wewe?"

"Mimi."

"Haivuji."

"Inavuja mahali pawili."

Hakuuliza swali nililotaka aulize. Mpaka leo hajauliza, na hajaomba radhi. Alimpa kijana msumeno, akasema, "Siku mbili," akaondoka.

Siku ya pili nilifungua kizibo cha chini, maji yakatoka, nikakodi trekta. Kuipandisha mashua kwenye tela kulihitaji wanaume kumi na sita, na kati ya waliokuja walikuwemo waliokuwa wananiita Nuhu. Shemeji naye alikuja. Hakusalimu, aliweka bega lake mbele kabisa, pazito kuliko pote. Nilichukia kwamba nilimhitaji. Lakini ningemfukuza, isingepanda.

Mtoni maji yalikuwa mengi, ya rangi ya udongo. Wakaisukuma. Ililala upande, ikajinyoosha, ikakaa. Ng'ambo kulikuwa na watu na magunia yao, wamesimama wanatazama. Mimi niliyejifunza kuiendesha kwa siku tatu tu za kuelezwa kwa mdomo na mzee wa kambini, nilipanda, nikafunga kanga kiunoni, nikavuta kamba. Iliwaka mara ya saba.

Vijana walipiga makofi. Shemeji alikuwa amesimama ndani ya maji, suruali imekunjwa mpaka magotini, ameshika ukingo wa mashua isiondoke. Hajawahi kupanda chombo cha maji maishani mwake, nilijua hilo.

"Shemeji," akasema chini chini, "nipande?"

Nilitaka kumkatalia. Nilikuwa na haki hiyo na neno lilikuwa mdomoni. Nilimwacha pale kwenye maji kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, injini inaunguruma, watu wote wanatungoja.

"Panda," nikamwambia. "Kaa katikati. Usiguse kitu."