Kata ya Kwanza ya Dengelua

Nililipindua kwa mguu. Mikono yangu ilikuwa bado haijui kushika vizuri, ndiyo maana nikatumia mguu, na mguu nao ungekataa ningelisukuma kwa kichwa. Hori zima la dengelua, pombe yetu ya miwa, likamwagika uani kwa Mjomba, mbele ya wateja wake. Watu wakaruka. Wengine wakainama na vibuyu kuokoa walichoweza. Mjomba akapiga kelele, "Umerukwa na akili, mwana wa dada yangu?"

Nilikuwa namtazama binti yangu Koleta, amekaa chini kando ya hori, midomo imelowa maji ya miwa, na fizi zake zina mstari wa buluu. Mstari ule niliujua. Nilikuwa nao mimi.

Nawaandikia ninyi wanawake wenzangu mnaopika pombe, kuanzia Bigwa mpaka huko juu kwenye mawingu. Asiyejua kusoma asomewe. Nitasema habari za tumbo na za choo kama zilivyokuwa. Anayeona haya aende akachote maji, atarudi tukimaliza.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu mzima wa afya. Nilisoma shule ya misheni mpaka walimu wakaishiwa na cha kumfundisha msichana, nikaolewa, nikamzaa Koleta. Mume wangu alifuata kambi ya reli ilipoondoka Morogoro kwenda bara, na mpaka leo sijapata hata salamu. Sikulia sana. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mkubwa wa ukoo ni kaka yake mama. Shamba nililolima na nyumba niliyolala vilikuwa chini ya Mjomba. Mama yangu alikuwa amekwisha kufa, basi nikawa chini yake mimi pia, na mwanangu.

Dengelua nilifundishwa na mama. Miwa ya bondeni unaimenya, unaitwanga kinuni, unaikamua, maji yake unayatia chomboni pamoja na tunda kavu la mwegea la kuyachachusha, unafunika kwa majani ya mgomba na kuweka mahali penye joto. Kesho yake inachemka yenyewe. Ukitega sikio unaisikia inanong'ona. Ikishanong'ona, inywe, kwa maana ikikaa inageuka siki.

Mama alipikia kwenye mitungi ya udongo. Lakini reli ilipofika, wenye kiu waliongezeka, na Mjomba akaona mitungi haitoshi. Akachonga hori kubwa la mti. Likapasuka, likavuja. Ndipo akapata kwa msimamizi mmoja wa kambi mabamba ya risasi, kile chuma laini cha kijivu unachoweza kukikunja kwa mikono kama ngozi. Akalitandika hori ndani kote, akaligongagonga mpaka likang'aa.

"Bati la Ulaya hili," akawaambia watu. "Halioti kutu, halivuji."

Kweli halikuvuja. Na zaidi ya hapo, dengelua ya hori lile haikuwa siki. Ilikaa siku na siku, bado tamu, tena inazidi utamu. Watu wakapanda kutoka mjini kuja kuionja. "Mpwa wako ana mkono," walimwambia Mjomba. Nami nikavimba kichwa, nikadhani kweli ni mkono wangu.

Mnaijua mila yetu. Kata ya kwanza inayochotwa ni ya mpishi. Wageni wanakaa, wanasema, "Kunywa tukuone," na wewe unakunywa mbele yao mpaka mwisho, unaipindua kata waone haina kitu, ili wajue hukuwatilia sumu. Kila pombe iliyopikwa pale, mimi ndiye niliyekunywa kwanza. Na kwa kuwa nilikuwa nanyonyesha, mkaza mjomba, yaani mke wa Mjomba, aliniongezea. "Kunywa na nyingine, mama, maziwa yajae." Hakuwa na ubaya. Hata yeye aliambiwa hivyo alipozaa.

Ilianza mdomoni. Kila nilichokula kilikuwa na ladha kama nimelamba jembe. Kisha tumbo. Halikuwa tumbo la kuhara, la hasha. Lilijikunja likavutwa ndani mpaka likagusa mgongo, gumu kama ubao. Choo kikafunga. Nilichuchumaa kichakani mpaka miguu ikafa ganzi, nikatoa vigololi kama vya mbuzi, au nisitoe kitu. Maumivu yakija nililalia jiwe la kusagia kwa tumbo, kwa sababu nikilikandamiza ndipo linapopoa kidogo. Uso ukapauka. Damu ya mwezi ikakata. Maziwa yakakauka, Koleta akawa ananing'ata kwa hasira.

Wateja nao wengine walishika matumbo. Wakacheka, wakasema ni ulevi wa jana.

Halafu ikafika asubuhi ile. Nilikuwa namnyanyua Koleta kutoka kwenye mkeka. Nikamfikisha kifuani, mikono ikaniacha. Sikuteleza. Vifundo vya mikono vililegea tu, viganja vikaning'inia kama majani ya mgomba yaliyovunjika shina, na mtoto akaanguka. Alianguka juu ya maganda ya miwa, hakuumia. Lakini alilia, na mkaza mjomba akatoka mbio.

"Mnyanyue!" akaniambia.

"Siwezi."

"Huwezi vipi? Mnyanyue mwanao!"

Nikainua mikono nikamwonyesha. Viganja vikaning'inia. Akarudi nyuma. "Umekula nini cha watu wewe," akasema, "mpaka mikono ikakufa?"

Kuanzia hapo nikawa mchawi. Hakuna aliyesema neno hilo mbele yangu, ila kibuyu changu kilitengwa, na mtu nikimwita anageukia kwingine. Mjomba akaamua Koleta alelewe na mkewe, na mimi nikakae kwenye dungu, kile kibanda cha miti mirefu tunachopanda kulindia mahindi.

"Ni kwa usalama wa mtoto," akasema.

Nikakaa dunguni. Wenzangu, njaa naijua, uzazi naujua, lakini sijaona kitu kibaya kama kuwa mzima wa akili halafu watu wakupite kama kisiki. Chakula kiliwekwa chini ya ngazi, na aliyekileta alikuwa amekwisha kuondoka kabla sijachungulia. Nilikula kwa kuinamisha mdomo kwenye bakuli, kama mbwa. Ngedere walikuja wakala mahindi mbele yangu, wakajua siwezi kurusha jiwe. Nilizungumza nao. Ukungu ukishuka sikuona hata nyumba, nilisikia tu Koleta analia kule chini, na baada ya siku nyingi nikasikia amenyamaza, na kunyamaza kwake kukaniuma zaidi.

Nikasema, kama nitakufa, nife njiani. Nikashuka ngazi kwa viwiko, nikateremka mlima peke yangu, ninakaa, ninatapika, ninaendelea, mpaka nyumba ya wagonjwa iliyoko mjini karibu na boma.

Daktari alikuwa Mdachi mwenye ndevu nyekundu. Hakushika mikono yangu kwanza. Alinifunua mdomo, akavuta mdomo wa chini kwa kidole, akatazama fizi. Akamwita msaidizi wake, mtu wa pwani, naye akatazama.

"Wewe kazi ya rangi?" daktari akauliza. "Kazi ya kuchapa vitabu?"

"Mimi mkulima, Bwana. Na mpika pombe."

"Pombe pika katika nini?"

"Katika hori."

"Hori la nini?"

"La mti. Ndani lina bati la Ulaya, laini, la kijivu."

Akakaa. Akasema maneno mengi kwa lugha yake, na msaidizi akanigeukia. "Mama, hiyo ni risasi. Huo mstari wa buluu kwenye fizi zako ndio alama yake. Kitu kikali kama pombe kikikaa ndani yake kinaila, na wewe unainywa. Daktari anasema hata kwao zamani watu wa mvinyo waliugua hivi hivi, na mvinyo ulikuwa mtamu kwa sababu ya sumu hiyo hiyo."

Nilicheka. Msaidizi akadhani nimechanganyikiwa. Nilicheka kwa sababu kumbe nilikuwa mgonjwa tu. Mgonjwa kama watu wengine!

Nilipewa chumvi chungu ya kufungua tumbo, na likafunguka, siku ile nililia kwa raha. Nilipewa maziwa na mayai. Mikono ilifungwa kwenye vibao ili viganja visining'inie, na kila asubuhi msaidizi alinikanda akaniambia, "Inua." Nikitaka kuinua kidole, hakiinuki. "Inua tena, mama." Hakiinuki. Wagonjwa wengine waliletewa uji na ndugu zao. Mimi nilitazama mlango.

Siku za mwanzo tu, nilimtuma mwanamke wa kwetu aliyeteremka kuuza ndizi. Nikamwambia, "Mwambie Mjomba hori lile ni sumu. Lile bati ndilo lililoniua mikono. Asimpe mtu pombe ile." Siku ya soko iliyofuata akarudi.

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Amesema amesikia."

Basi nikalala kwa amani. Amesikia! Mvua zikapita, miwa ikakomaa tena, na siku moja kidole cha kati kikainuka peke yake. Msaidizi akapiga kofi. Vingine vikafuata, polepole. Nilipoweza kushika kijiko nikaomba ruhusa nikamchukue mwanangu.

Nilifika nyumbani mchana, pombe imeiva, ua umejaa watu. "Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba," akasema, macho pembeni. "Umepona?"

Niliona hori liko pale pale, limejaa, linanong'ona. Nikafikiri labda hakuelewa ujumbe. Labda mwuza ndizi alichanganya maneno. Nilimtafutia udhuru mtu yule mpaka dakika ya mwisho. Kisha nikaona nyuma ya kiti chake mtungi wa udongo, mtungi wa marehemu mama, umefunikwa majani, na kata yake iko juu.

"Mtungi huo wa nini, Mjomba?"

"Wangu."

"Tangu lini unakunywa peke yako?"

Mkaza mjomba ndiye aliyejibu, bila kujua anachosema. "Tangu ulipokwenda kwa Wadachi. Anasema ya hori inamsumbua tumbo."

Alisikia, wenzangu. Alisikia, akaelewa, akauhamisha mdomo wake. Watu wengine wote akawaacha wanywe. Hata mkewe hakuambiwa, ndiyo maana mwanamke yule, akitaka kumnyamazisha Koleta, alimchotea maji matamu ya miwa humo humo horini. Nikaelewa kwa nini mwanangu aliacha kulia. Alikuwa mweupe kama jivu, tumbo gumu.

Hapo ndipo nilipopiga teke.

Mjomba alisema mengi. Alisema nimeharibu mali ya ukoo, atanipeleka kwa jumbe, na mtoto hatoki pale. Nikamgeukia mkewe, nikasema, "Mkaza mjomba, muulize kwa nini ya kwake iko mtungini." Hakumuuliza. Aliutazama mtungi, akamtazama mumewe. Kisha akamwinua Koleta, akamweka mgongoni kwangu, na kwa kuwa vidole vyangu haviwezi kufunga fundo, alinifungia kanga yeye mwenyewe, akakaza. Nikateremka.

Sasa Koleta yuko hapa nyumba ya wagonjwa, kando yangu, anakunywa maziwa, na jana alipata choo. Kama hamjui furaha ya choo cha mtoto, mshukuruni Mungu. Namshukuru daktari aliyenitazama mdomoni kabla ya kuniogopa. Namshukuru msaidizi wake kwa kila "inua tena". Namshukuru mkaza mjomba kwa fundo lile.

Na ninyi, pikeni kwenye udongo, pikeni kwenye kibuyu. Dengelua ikikataa kuwa siki, imwageni, msiisifu. Mkimwona mwenzenu mikono imening'inia, mfungueni mdomo mtazame fizi, kabla hamjampandisha dunguni.

Mjomba ametuma watu kusema atakuja kumchukua mtoto wa ukoo. Sikumngoja. Asubuhi ya leo nimekwenda bomani nikapeleka shauri langu. Karani alitaka kuniandikia, nikakataa. Imenichukua asubuhi nzima. Haya ndiyo niliyoandika:

"Kwa Bwana Mkubwa wa Boma, Morogoro. Mimi, mama yake Koleta, mpika pombe wa milimani juu ya Bigwa, namshtaki kaka yake mama yangu. Aliweka risasi ndani ya hori la pombe bila kujua, na kwa hilo simshtaki. Aliambiwa kuwa ni sumu, akahamisha pombe yake mwenyewe kwenye mtungi, akaendelea kuwanywesha watu, na mwanangu akiwemo. Kwa hilo namshtaki. Naomba mtoto akae nami mpaka apone na baada ya kupona. Naomba mabamba yale yabanduliwe na kuzikwa mbali na maji. Yeye akisema mimi ni mwongo, naomba kitu kimoja tu: pombe ipikwe ndani ya hori lile, iachwe mpaka iwe tamu, iletwe hapa barazani, naye anywe kata ya kwanza mbele ya watu wote, kama mila yetu inavyotaka, nasi tumwone."