Ziara Yetu ya Kuonja Rubisi

Jamani, aibu hii nimeikalia miaka mingi, na ningeendelea kuikalia kama nisingesikia juzi vijana wakipanga safari ya kuonja pombe huku wakicheka vilevile nilivyocheka mimi.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita, ugonjwa tuliouita Juliana, huu unaoitwa sasa Ukimwi, ulipokuwa ukifunga nyumba moja baada ya nyingine. Mdogo wangu Deo, ambaye alikuwa amebaki macho na mifupa, aliniambia anataka kitu kimoja tu, kuonja tena rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya wakamuaji wa utoto wetu. Basi mimi (mjuaji wa Rwamishenye nzima) nikapanga ziara kamili: tuanzie Nyanga, twende Maruku kwa mzee Ta Byabato, fundi kuliko wote, halafu tutafute gari la kutufikisha Muleba. Nikamtumia Ta Byabato salamu kwamba wageni wanakuja, akamue.

Nyanga mambo yalikwenda vizuri, Deo akanywa nusu kibuyu na kucheka, na kile kicheko ndicho kilichonipoteza. Nilimpakia nyuma ya baiskeli hadi Maruku, na tulipokaribia kibanja cha migomba cha Ta Byabato nikaona nyasi mbichi zimetandazwa mpaka uani na watu wengi wamekaa juu yake. Kwetu mgeni wa heshima hutandikiwa nyasi mbichi, nanyi mnajua, kwa hiyo nikasema moyoni mzee ametupokea kifalme, nikaingia nikiimba, kibuyu mkononi, nikapaza sauti, "Ta Byabato, waamuzi wa rubisi tumefika, leo tunatoa maksi!"

Watu wote wakanigeukia. Nikadhani wananiheshimu (ndiyo, nilidhani hivyo). Nikaona mtungi pembeni ya mlango, nikachota mwenyewe, nikameza, nikatangaza, "Imechachuka kidogo. Nampa sita kwa kumi."

Ndipo mama mmoja akainuka, amejifunga ganda la mgomba kiunoni kama wafiwa wa kwetu, na nikamtambua kuwa ni mke wa Ta Byabato.

"Waitu, wageni wetu, imechachuka kwa sababu mwenyewe tumemzika jana," akasema taratibu. "Aliikamua akiwa mgonjwa, akasema wageni wake wasikose. Karibuni, mnywe."

Nyasi mbichi kwetu hutandikwa msibani pia, nami nilikuwa nimesahau; nilitaka ardhi inimeze na kibuyu changu. Nikageuka kumtafuta Deo, nikamkuta haniangalii mimi, anaangalia udongo mbichi kati ya migomba, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeonyeshwa chumba chake.

"Kaka, turudi nyumbani," akasema.

"Na Muleba?"

"Muleba utakwenda mwenyewe."

Hakuonja hata tone. Njia nzima nilikanyaga pedeli nikilia, nikishukuru kwamba alikuwa nyuma yangu. Baadaye nilimletea rubisi nzuri ya Nyanga kitandani, akageukia ukuta. Nyasi za msiba wake nilizitandika mwenyewe.

Muleba sijaenda kuonja mpaka leo, na sitaenda. Nikialikwa rubisi popote, hata kama nyasi zimetandikwa kwa ajili yangu, nasimama kwanza nje kimya, nangoja nisikie kama waliomo ndani wanacheka au wanalia.