Safu ya Asili

Wiki tuliyosubiri jibu la lile shirika sikutulia hata kidogo. Nilipanda taxi-moto, zile pikipiki za abiria, kuzunguka mtaa wetu wa Manika bila shughuli yoyote. Mwenzangu alinicheka kwamba haraka haraka haina baraka, nikamjibu kuwa hata polepole haijawahi kunipa kitu.

Mwenzangu huyo ni mwalimu, familia yake ni ya Katanga ya kaskazini. Pamoja tulikuwa tumetengeneza programu ya kuandikisha wanafunzi. Ilikuwa huru: yeyote aichukue, aibadilishe, aigawe, mradi tu abakize majina yetu kama waandishi. Shule zilizidi kuitaka na sisi wawili tulikuwa tumechoka. Shirika moja la ng'ambo, lisilotafuta faida, linalolea miradi ya namna hii chini ya mwavuli wake, lilikuwa tayari kutupokea, ila lilitaka kuikagua kwanza.

Jibu lilikuja na swali moja tu. Kwa nini programu yenu inakataa kumwandikisha mtoto ambaye asili ya baba yake haikujazwa?

Nilicheka. Kwetu Kongo kila fomu huuliza asili: kijiji, teritwari, jimbo. Mimi nimezaliwa Kolwezi, huku Katanga, lakini tangu shule ya msingi naandika kijiji cha Kasai ambacho sijawahi kukikanyaga. Nikampelekea mama swali lile kama kichekesho, naye hakucheka.

"Ile mwaka bantu ya Katanga balitufukuza," alisema, "balikuya na liste mu mukono, majina ya bantu ya Kasai, nyumba kwa nyumba. Unajua baliipata wapi? Mu registre ya kazi. Ni tata yako aliiandikaka."

Baba alikuwa karani wa kampuni ya madini, mwenye kujaza asili ya kila mfanyakazi. Nilikumbuka zile wiki tulizolala kituo cha treni tukingoja behewa la kutuondoa Katanga, naye hasemi neno. Nilidhani ni njaa. Amefariki bila kutuambia. Hasira ilinipanda, kwanza juu yake, halafu juu yangu mwenyewe, maana ile safu ya asili kwenye programu niliiweka mimi, wala hakuna aliyeniagiza.

Niliamua kuifuta kabla ya kutia sahihi mkataba na shirika. Mwenzangu alinitazama kwa huruma.

"Ndugu, inspekteri ya mashule atakatala fishi yetu ya kuandikisha. Bote banalombaka origine ya baba."

"Akatale."

"Na bale ba mashule benye kuwa na ile ya zamani tayari?"

Nikaifuta. Tukatia sahihi, shirika likatupokea, mwenzangu akanunua bia mbili, nami yangu sikuimaliza.

Siku chache baadaye shule moja ya upande wa Fungurume ilituandikia kwa adabu kubwa. Walishukuru kwa toleo jipya. Lilikuwa na upungufu mdogo, wakaurekebisha wenyewe, na sasa wanazigawia shule jirani. Nikafungua faili. Safu ya asili ilikuwa imerudi mahali pake, na mwanzoni kabisa, kama tulivyokuwa tumewataka wafanye, walikuwa wamebakiza jina langu kama mwandishi.