Mgahawa Uliofukuza Mizigo

Nianze na upuuzi wangu. Niliandika barua ya uongo nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni la mgahawa ambako mama yangu alikuwa mpishi. Nilijiita "Mteja Mwenye Hadhi Yake". Nikalalamika kwamba mikungu ya ndizi na madumu ya maziwa chini ya meza vinanikata hamu ya kula, na mgahawa wa kisasa haufanani na stoo. Nilitaka tu kumwona bosi mpya akikunja uso.

Bosi aliisoma kwa sauti mbele ya wafanyakazi, miwani puani, kama waraka wa serikali.

Mgahawa ule, hapo Makandana mjini Tukuyu, uliwahi kuwa wa bibi mmoja ninayemkubali kuliko walimu wangu wote (naomba wasisome hapa). Hakuwa na bango wala menyu. Alikuwa na nafasi chini ya meza. Wakulima wakija asubuhi kutoka Suma, walitua mizigo kwake, bure, wakaenda sokoni, hospitali au ofisini mikono mitupu. Mvua ya Tukuyu haina adabu, lakini kwa bibi haikuwahi kugusa unga wa mtu. Na kwa kuwa mzigo uko kwake, mwenye mzigo lazima arudi, na akirudi anakuta ndizi na maharage vinafuka mvuke. Nani angepita? Bibi alijua kila kiroba ni cha nani bila kuandika popote. Mimi nasahau daftari nililolikalia.

Magoti yalipomgomea, akawauzia mume na mke waliostaafu kazi za ofisini; mume ndiye huyo bosi mpya. Watu wazuri, wasafi kupita kiasi. Wakapaka rangi, wakaleta viti vya plastiki na hilo sanduku la maoni. Mama alibaki jikoni, chakula kikabaki kilekile, wateja wakavumilia. Mpaka barua yangu. Kesho yake mlangoni pakabandikwa: MIZIGO HAIRUHUSIWI NDANI.

Nilikuwepo, nakunywa chai kabla ya shule.

"Sasa niuache wapi, mvuani?" mzee mmoja alimuuliza bosi, mkungu begani.

"Nje pana nafasi ya kutosha, mzee wangu."

"Haya. Basi na mimi nitakula hukohuko nje."

Akavuka barabara kwenda kwa muuza chapati, wenzake nyuma yake. Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani.

Wiki iliyofuata mama akaanza kurudi na sufuria za ndizi zilizokosa walaji. Tulikula ndizi asubuhi, mchana na jioni, na mimi sikuona tena cha kuchekesha. Halafu bosi akamwambia apumzike kwanza, ataitwa biashara ikichangamka. Nyumbani kwetu anayelisha ni mama peke yake.

Nikamfuata mama jikoni kwetu nikamwambia ukweli wote, nikiwa nimesimama karibu na mlango kwa usalama wangu. Hakunirushia mwiko. Alimaliza kumenya ndizi aliyoishika, akafuta kisu, akaniangalia.

"We mtoto huna akili," alisema. "Ila na yule bosi, mtu mzima, kashindwa hata kumuuliza mmoja tu mwenye mkungu? Haya, toa kitanda chako chumbani. Jumatatu watu wa Suma wanatua mizigo humo, mimi napika hapo barazani."